Mali ya Nyumba, na Jinsi Maisha Yalivyotufundisha Kuitunza



Wapenzi wasikilizaji, baba na mama mliokusanyika leo kwenye redio ya kikanisa chenu, nanyi mtakaosoma maneno haya kitabuni: somo la leo ni juu ya fedha na chakula cha nyumba. Mtu mmoja alituuliza zamani, kwa nini katekista aseme habari za magunia na faranga, naye amewekwa kufundisha sala. Tulimjibu kwamba katika miaka yote tuliyoifanya kazi hii, watu wa ndoa waliokuja mlangoni petu usiku kwa ugomvi, ni wachache waliogombana kwa ajili ya sala. Waligombana kwa ajili ya fedha ya mahindi: nani aliyauza, nani aliila fedha yake, na mbona nyumbani hakuna hata chumvi. Basi yatupasa kuyasema mambo hayo, tena tuanze kwa kuyasema makosa ya nyumba yetu wenyewe.

Sisi tu watu wa ufuko wa ziwa Tanganyika, upande wa Moba, chini ya milima ya Marungu. Baba yetu alikuwa mkulima. Alilima maharagwe mlimani, akanunua ndagala kwa wavuvi, akaziuza kwa watu wa juu. Alikuwa mtu wa kujinyima sana. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa lenye kifuniko, nalo alilifukia chini ya kitanda chake. Kila alipouza kitu alifukua kopo, akatia noti, akafukia tena. Alitaka kununua mabati ya kuezekea nyumba, maana alichoka kukata nyasi kila mwaka.

Siku ya Noeli ya 1979 ikatoka amri ya serikali katika redio: noti za zaire 5 na noti za zaire 10 zimekufa. Watu walipewa siku chache tu za kuzipeleka noti hizo zikabadilishwe, tena si zote, bali kiasi kilichowekewa mpaka. Sisi tulikuwa bado tumboni mwa mama, lakini habari hiyo tumeisikia mara nyingi hata twaiona kana kwamba tulikuwapo. Baba alifukua kopo usiku. Karibu noti zote zilikuwa za 5 na za 10, maana alizipenda kwa kuwa hazijazi nafasi. Banki ilikuwa mbali, safari ya chombo. Alipofika mjini alikuta watu wamelala nje mbele ya mlango, wengine wakilia, na wafanyabiashara wakipita kati yao wakinunua noti hizo kwa bei ya kudhulumu. Alirudi na fedha ya kununua mabati 3. Mabati 3 hayaezeki hata jiko.

Tangu siku ile baba aliacha kuweka. Alikuwa na neno lake ambalo watu wa ziwa walilielewa upesi: fedha ni kama ndagala mbichi, ikilala inaoza. Akiuza maharagwe asubuhi, jioni fedha imekwisha: nguo, pombe kwa marafiki, nyama, zawadi kwa shemeji. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mbaya. Alikuwa amefundishwa na maisha, naye akalishika fundisho lake.

Na ndugu zetu, miaka iliyofuata ilimpa haki. Hebu tuitazame ile zaire. Ilipoanzishwa katika Juni 1967, zaire 1 ilishika mahali pa faranga 1,000 za zamani, ikapimwa kuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na kila zaire mpya 1 ilikuwa zaire za zamani 3,000,000. Mwanzoni mwa mwaka ule ule ilikuwa imetoka noti moja ya zaire 5,000,000, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa noti hizo wakafanya fujo na kupora. Sisi tulikuwa watoto wa darasa la mwisho wa shule ya msingi. Mwalimu alituandikia namba hizo ubaoni, nasi tulicheka kwa sababu hazikutosha ubaoni. Katika Juni 1998 ikarudi faranga, na faranga 1 ilikuwa zaire mpya 100,000. Zidisheni, mtaona kwamba faranga 1 ya leo ina zaire za kwanza 300,000,000,000 ndani yake. Na faranga 1 hiyo hainunui hata njiti moja ya kiberiti. Nani basi atamlaumu mzee wa Kongo akisema kuweka fedha ni upumbavu?

Lakini hapa ndipo tunapotaka msimame kidogo pamoja nasi. Maisha ni mwalimu, ila husema jambo moja na mwanafunzi akaandika jingine. Baba aliyoyaona yalikuwa kweli: karatasi zilikufa. Aliloliandika moyoni halikuwa kweli: kwamba kuweka kumekufa. Katika boma lile lile alikaa dada yake, shangazi yetu, mjane, hakujua kusoma. Noeli ya 1979 ilimkuta ana noti mbili tu. Fedha yake ilikuwa inatembea kwa miguu minne kando ya nyumba, nayo ni mbuzi 11. Nyingine ilikuwa juu ya dari ya jiko katika moshi, ndiyo mbegu ya maharagwe. Nyingine ilikuwa cherehani aliyomnunulia binti yake. Amri ya redio haikumgusa.

Msifikiri tunasema mbuzi ni banki isiyovunjika. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, mbuzi wa shangazi waliliwa na watu wenye bunduki, wote, pamoja na beberu. Lakini cherehani ilichukuliwa kichwani hadi ukimbizini katika nchi ya Zambia, nayo ililisha nyumba ile huko. Shangazi hakuwa na elimu ya mali. Alikuwa na desturi moja tu: hakuweka vitu vyake vyote mahali pamoja, wala kwa namna moja. Baba alikuwa akimtazama kila siku kwa miaka mingi, wala hakujifunza kwake, kwa sababu kopo lilikuwa limekwisha kumfundisha.

Nasi tulirithi neno la ndagala. Tulitoka shule ya makatekista, tukaoa, tukapewa kikanisa cha kutunza, na mashamba ya kujilisha. Kwa nini tufiche: kwa miaka mingi ya kwanza ya ndoa tulikuwa watu wa fedha isiyolala. Sikilizeni mwaka mmoja wa nyumba yetu ulivyokwenda, mwone kama haufanani na mwaka wa jirani yenu.

Mwezi wa tano tulivuna magunia 9 ya mahindi. Tulifurahi. Lakini magunia 4 hayakuingia ndani kamwe, maana katika mwezi wa kwanza, njaa ilipobana, tulikuwa tumechukua kwa mfanyabiashara mmoja bei ya magunia 2, na sharti lake lilikuwa kumrudishia mara mbili wakati wa mavuno. Alikuja na watu wake, akayachukua shambani. Yakabaki 5. Katika hayo tuliuza 3 pale pale gatini, wakati kila mtu anauza na bei imelala chini. Fedha hiyo tuliitumia kwa kikwembe, kwa redio ndogo, na kwa karamu ya ubatizo wa mtoto, ambayo watu waliisifu sana. Yakabaki 2 ya kula. Nyumba yetu ilikuwa na watu 7, na kwa juma tulisaga nusu debe, pamoja na mihogo. Gunia moja kwetu ni debe 5. Hesabu hiyo mtoto aweza kuifanya: magunia 2 ni majuma 20. Kabla mvua ya kwanza haijanyesha, mahindi yamekwisha. Tukala mihogo mitupu, tukanunua kikombe kikombe sokoni mahindi ambayo labda yalikuwa ya shamba letu wenyewe, kwa bei mara mbili. Mwezi wa kwanza ukafika, nasi tukarudi kwa mfanyabiashara yule yule, tukasema: Bwana, tusaidie.

Tulimwita msaada. Kila mwaka tulimshukuru.

Jambo lililotuamsha halikuwa mahubiri. Binti yetu mkubwa alikuwa sekondari, mwaka wa tatu. Ninyi mwajua kwamba tangu 2019 shule za msingi za serikali, hata zile zinazoongozwa na misioni, zimetangazwa kuwa za bure, lakini sekondari bado ina malipo yake. Minervali yake haikulipwa. Tulimwambia angoje mavuno. Juma la mtihani akarudishwa nyumbani. Akaja na daftari zake kichwani, akaziweka juu ya mkeka, akachukua jembe akaenda kwa mama yake shambani bila kutuambia neno. Mwaka ule ukapotea kwake. Jioni mama wa nyumba yetu alituuliza kwa sauti ndogo, maana watoto walikuwa karibu: "Baba wa watoto, mwaka huu tumelima shamba la nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikasirika kwanza, kama wanaume wafanyavyo wanapoulizwa swali la kweli.

Usiku ule tulimwaga maharagwe juu ya mkeka na kuhesabu. Harage moja likawa debe moja. Tukaweka fungu la mfanyabiashara, fungu tuliloliuza, fungu tulilokula. Fungu la mfanyabiashara lilikuwa maharagwe 20. Letu la kula, 10. Mama alilitazama fungu la 20 akasema, huyu ni mtoto wetu wa sita, naye ndiye anayekula kupita wote. Tukaendelea kuhesabu. Kama lisingekuwapo deni, magunia 9 yangetosha kabisa: tuseme 5 ya kula mwaka mzima na 4 ya kuuza. Shamba halikuwa dogo. Tulikuwa tumezoea kusema shamba ni dogo na mvua ni mbaya na watoto ni wengi, kumbe njaa yetu ilikuwa ikitengenezwa kila mwezi wa kwanza, kwa mkono wetu wenyewe.

Basi, jinsi ya kutoka. Hapa ndipo pagumu, na wale wanaotoa mashauri ya mali hupapita mbio. Mwenye deni la namna hiyo hawezi kuacha kwa kutaka tu, maana mwezi wa kwanza watoto wanalia kweli. Lazima auvuke mwezi wa kwanza mmoja, mara moja tu, bila mkopo. Kwa hiyo mwaka ule tuliuza tulichokuwa nacho. Kikwembe kizuri kilichokuwa bado hakijashonwa kiliuzwa. Jogoo wawili waliuzwa. Redio nayo iliuzwa. Mtuwie radhi, mwaka mzima hatukusikia mafundisho haya. Mama alitwanga mihogo ya unga akaiuza kwa wavuvi gatini, nasi tulienda kufyatua matofali kwa mtu, jambo ambalo wengine waliliona ni aibu kwa katekista. Tulikula mara moja kwa siku, ugali wa mihogo na sombe, mafuta kidogo. Watoto walikonda. Hatusemi kwa kujisifu. Tulikuwa tumewakondesha miaka yote, ila safari hii kwa faida yao. Mwezi wa tano ulipofika tukavuna magunia 8, moja pungufu, na hakuna mtu aliyetungojea shambani.

Kuyaweka mahindi nako ni elimu. Mwaka wa kwanza tuliyaweka katika magunia sakafuni, nayo gunia moja likaliwa lote na fukusi. Tulipolifungua ilitoka unga kama vumbi la msumeno. Sasa twafanya hivi. Mahindi hukaushwa juani mpaka punje ikiumwa kwa meno inavunjika kwa sauti, haibonyei. Ya kuliwa kwanza hukaa magunia juu ya miti, mbali na ukuta. Ya kuliwa mwisho hutiwa katika pipa la plastiki lenye kifuniko cha kubana, likajazwa mpaka juu na kufungwa sana, wadudu waliomo wakakosa hewa na kufa. Nalo halifunguliwi mpaka siku yake. Mbegu hutundikwa na maganda yake juu ya moshi wa jiko, kama shangazi alivyofanya. Mbegu ya maharagwe twaichanganya na majivu makavu yaliyochungwa. Mtu aliyeweka magunia 5 na kupoteza 2 kwa fukusi na panya amelipa deni kubwa kwa mdudu, wala hana wa kumshitaki.

Sehemu ya kuuza tuliigawa. Nusu tuliiuza mapema kwa chumvi, sabuni, dawa, na malipo ya shule ya mwezi wa tisa. Nusu tuliingoja. Katika mwezi wa kwanza, mwezi ule ule wa kilio chetu, tuliuza magunia yale kwa bei karibu mara mbili ya ile ya mavuno. Tulishika fedha ile mkononi tukaogopa. Sauti ya baba ilitujia: itaoza! Ndipo tulipokumbuka vizuri kwamba iliyooza ilikuwa karatasi iliyofukiwa. Kesho yake tulinunua mbuzi jike, mwenye mimba, na mabati 4.

Sasa tuseme juu ya mume na mke, maana hapa makopo ni mawili. Mwanamume auza gatini, arudi na nusu, aseme bei ilikuwa mbaya. Mwanamke ajua kwamba si kweli, naye afunga fedha yake ya mihogo katika ncha ya kitambaa, au aipeleka kwa dada yake imtunzie. Wanaume wengi walituletea shitaka hilo: mke wangu ananificha. Twawauliza: amejifunza wapi kuficha? Kwa maoni yetu, mwanamke anayeficha fedha ya chumvi hakuiba. Ameogopa. Woga huo hauondoki kwa kuambiwa na katekista, wala kwa kukemewa na padri. Huondoka mwanamume atakapokuwa wa kwanza kuweka fedha yote mezani, pamoja na ile iliyonunua pombe. Sisi ilituchukua miezi mingi. Mara ya kwanza tulisema yote ila faranga kidogo. Mama alizijua, akanyamaza. Baada ya siku tatu tukaona haya, tukazitoa.

Twatumia daftari ya shule, kurasa mbili kwa mwezi: upande huu kilichoingia, upande huu kilichotoka. Asiyejua kuandika achore. Kuna mama mmoja mlimani mwenye kamba mbili ukutani, moja ya mafundo ya kuingia na moja ya kutoka, naye hakosei. Mwezi wa kwanza wa daftari ulitufundisha neno moja la kushangaza: sukari ya kununua kijiko kijiko, kila asubuhi, ilikuwa imekula fedha kuliko sabuni na chumvi na mafuta ya taa kwa pamoja. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya dhambi. Hatukujua tu.

Jambo lililo gumu kuliko yote ni ndugu. Ninyi mnaosikiliza mwajua. Ghala lililojaa mwezi wa kumi na mbili, wakati ghala za wengine zimekwisha, ni hatari kwa mwenye nalo. Mwaka wa pili wa mpango wetu tulisikia maneno nyuma ya nyumba: watu hawa wana dawa, mahindi yao hayaishi. Kwetu neno la namna hiyo si mchezo. Watu wamechomewa nyumba kwa maneno kama hayo. Tena kulikuwa na wale waliokuja kwa haki ya damu: mtoto wa baba mdogo, shemeji, msiba wa kijiji. Je, mkristu afunge mlango aseme mahindi yangu yamehesabiwa?

Tulikosea mara mbili. Kwanza tuliwapa wote, na mwezi wa pili tukabaki bila kitu, karibu turudi kwa mfanyabiashara. Mwaka uliofuata tukawa wakali. Alikuja ndugu yetu wa karibu kuomba gunia kwa ajili ya karamu ya mahari, tukamnyima. Tulisema kweli kwamba karamu si njaa, nasi tungali twaamini hivyo. Lakini tuliyasema maneno hayo mbele ya watu, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jambo jipya. Miaka miwili hakukanyaga kwetu. Tulimwendea sisi, kwa magoti.

Sasa desturi yetu ni hii: wakati wa mavuno twatenga debe 4 kando, tumeziita debe za wageni. Si zetu tena. Mgonjwa akija, mjane akija, msiba ukitokea, hutoka humo, wala hatusikitiki wala hatuulizi sana. Zikiisha, twamwonyesha mtu pipa tupu na twamkaribisha sahani ya ugali, asiondoke na njaa. Na kila anayesema tuna dawa twamwita aje aone daftari na pipa, na kama ataka twamsaidia kuhesabu maharagwe yake. Nyumba 3 zimeanza kwa njia hiyo. Yezu aliwashibisha watu bila kuwauliza wametoka wapi, kisha akaagiza vipande vilivyobaki viokotwe, vikajaa vikapu 12. Hata yeye aliyeweza kufanya mkate kwa neno lake hakutaka vipande viachwe majanini. Na walioviokota walikuwa wamekwisha kuwapa watu wote.

Juu ya vikundi tuseme kwa ufupi. Likelemba mwaijua: watu 10 watoa kila mmoja kiasi sawa kila juma, na mmoja achukua yote kwa zamu. Ni nzuri kwa mabati au kwa cherehani, ikiwa watu wajuana. Udhaifu wake ni kwamba aliyechukua kwanza aweza kuhama kabla wa mwisho hajapata. Sisi tulikuwa wa mwisho mara moja, twajua. Namna nyingine ni hivi vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopeshana, ambavyo kwetu vinaitwa AVEC. Vilianzia kwa akina mama wa nchi ya Niger mwaka 1991, vikaenea Afrika. Watu 15 hadi 25 hukutana kila juma. Kila mmoja anunua hisa, kuanzia 1 hadi 5, zikapigwa muhuri katika kijitabu chake. Sanduku lina kufuli 3, na funguo 3 hukaa kwa watu 3 mbalimbali, wala halifunguliwi ila mbele ya wote, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Mtu hukopa kwa faida ndogo waliyoipatana wenyewe, tena si zaidi ya mara tatu ya hisa zake. Baada ya karibu mwaka mmoja kila kitu hugawanywa, sanduku likabaki tupu, wakaanza upya. Mgawo huo tuliupenda sana, sisi wana wa wale wa 1979, maana fedha haikai mwaka wa pili sandukuni. Tuliomba mgawo wa kikundi chetu uangukie mwezi wa nane, kabla ya shule kufunguliwa. Ombeni hivyo nanyi.

Kuna wanaoweka katika simu. Ni salama kuliko kopo kwa habari ya moto na mwizi, ila kila kutoa kuna gharama yake, kwa hiyo asiweke na kutoa kila siku kama achotaye maji kwa ungo. Anayepokea dola aitazame pande zote mbili: noti yenye mpasuko mdogo hukataliwa sokoni, hata kama fedha yenyewe ni nzuri. Kwa nini iwe hivyo hatujui mtu aliyeweza kutueleza.

Binti yetu alirudi shuleni mwaka uliofuata, akakaa darasa moja na wadogo zake. Aliona haya juma la kwanza. Amemaliza sekondari, mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na mwaka ule hatuwezi kumrudishia. Katika siku za likizo yeye ndiye aliyekuwa akiandika daftari ya nyumba, naye alikuwa mkali kuliko mama yake. Lile kopo la baba lingali lipo, limepata kutu kidogo. Twapimia mbegu.

Mama mmoja wa kikanisa cha mlimani alituletea swali wiki iliyopita. Alisema: Mwalimu, mimi sina gunia la kugawa, nina kikapu, je, somo hili ni langu? Tulikwenda kwake, tukakaa jikoni, tukahesabu naye. Alikuwa anakopa vikombe 2 vya unga kila juma kwa jirani na kurudisha 3. Kikombe kimoja kila juma ni vikombe 52 kwa mwaka. Tukakubaliana kwamba mwezi huu watoto wake watakuja kula kwetu siku za Jumatano na Jumamosi, ili yeye apate kuliruka juma moja bila kukopa, kisha jingine. Amekwisha kuruka majuma 2.

Kabla ya somo lijalo, ambalo litakuwa juu ya mahari na madeni yake, kila nyumba ichukue bakuli mbili tupu. Kwa siku 7, kila kipimo cha chakula au fedha kinachoingia, tieni harage katika bakuli la kwanza. Kila kinachotoka, tieni katika la pili. Jumapili jioni, watoto wakiisha kulala, mwageni maharagwe hayo juu ya mkeka, mume na mke, myahesabu. Msituletee sisi hesabu hiyo. Ni yenu ninyi wawili.